MBOLEA YA VUNDE: SOMO TULILOLIPATA MKUNYA



Kila mwaka kabla ya mchumo sote twafanya kazi ile ile. Twapalilia chini ya mikarafuu, twafagia majani ili karafuu zikianguka zionekane, kisha taka zote twazikusanya mabiwi mabiwi na kuzitia moto. Jioni moshi huenea shamba zima, na mwenye shamba hurudi nyumbani moyo wake umetulia, akisema, "Shamba langu sasa ni safi." Ni safi kweli. Lakini mchumo ukimalizika karafuu tumezichukua, makonyo tumeyachukua, na majani tumeyachoma. Mti umetoa vitu vitatu. Nasi tumeurudishia nini?

Swali hilo ndilo somo letu la safari hii, na inatupasa tulianze kwa kukiri kosa letu wenyewe.

Masika iliyopita tulipanda miche 40 ya mikarafuu mahali palipokufa miti mizee. Tulikuwa tumesikia kwamba mkarafuu wapenda mbolea, basi tukatafuta samadi mbichi ya ng'ombe, tukatia madebe 2 katika kila shimo, na siku ile ile tukapanda. Bidii hatukukosa, tulichokosa ni maarifa. Haikupita miezi miwili ncha za majani zikaanza kukauka, kisha majani yakapukutika. Miche 26 ikafa. Tuliulaumu mchwa, tukalilaumu jua. Tulipochimbua mche mmoja tukaona mizizi imeungua, na donge la samadi lingali likinuka chini yake. Miche iliyolelewa kitaluni zaidi ya mwaka mzima tuliiua sisi wenyewe kwa mikono yetu, tena kwa nia njema.

Baada ya hasara hiyo baadhi yetu tulifunga safari hadi Mkunya, katika Wilaya ya Newala, juu ya uwanda wa Makonde. Labda wako watakaouliza: mkulima wa karafuu ana nini cha kujifunza kwa watu wa mikorosho na mihogo? Twajibu hivi. Ndugu zetu Wamakonde si wageni kwetu. Tangu zamani wengi wao walivuka bahari wakaja kufanya kazi katika mashamba ya karafuu, na wajukuu wao wako pamoja nasi hadi leo. Wazee wao walipalilia mikarafuu yetu. Basi si aibu sisi kwenda kuwauliza wao habari za udongo.

NCHI ISIYO NA MAJI

Uwanda wa Makonde umeinuka kutoka pwani polepole kuelekea magharibi, hata karibu na Newala urefu wake hufika mita 900 hivi juu ya bahari. Hapo nchi hukatika ghafla. Ukisimama Newala mahali panapoitwa Shimo la Mungu, waona bonde lote la Mto Ruvuma limelala chini ya miguu yako, na ng'ambo yake ni Msumbiji. Mji wa Masasi uko chini, nje ya uwanda.

Udongo wa juu ya uwanda ni wa kichanga, mwekundu na wenye kina kirefu. Mvua hunyesha msimu mmoja tu, tangu mwisho wa Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na ikinyesha hainyeshi haba. Lakini mchanga huyanywa maji yote, yakazama mbali chini, yakatokeza katika chemchemi za mabondeni. Ndiyo sababu juu ya uwanda hakuna mito. Mjerumani Karl Weule, aliyekaa Newala mwaka 1906 akichunguza maisha ya wenyeji, aliandika habari za taabu hiyo ya maji. Kwa vizazi vingi wanawake waliteremka mabondeni wakapanda tena na mitungi kichwani. Katika miaka ya 1950 ulianzishwa mradi mkubwa wa kusukuma maji kwa mitambo kutoka chini hadi juu, lakini hata leo maji ya uwandani ni kitu cha kuheshimiwa.

Tena ng'ombe ni wachache huko, basi samadi nayo ni haba. Kuna mbuzi na kuku. Mtu asiye na maji wala ng'ombe angesema mbolea si mambo yake. Lakini katika shamba moja la Mkunya tulimkuta mama mmoja mtu mzima akipakua mboji nyeusi kutoka katika shimo nyuma ya jiko lake. Tulimwuliza, "Mama, maji ya kulowesha taka wayapata wapi?"

Akacheka, akasema, "Wanangu, maji niliyoyabeba kichwani siwezi kuyamwagia taka. Mimi naitega mvua. Shimo nalijaza mvua zinapokaribia kwisha, majani yangali mabichi. Baadaye hupata maji yaliyokwisha kuoshea vyombo na kunawia, basi."

Maneno hayo yalitufaa kuliko vitabu vingi. Sisi wa visiwani tuna mvua mbili, masika na vuli, tuna migomba na majani mabichi mwaka mzima, nasi ndio tunaochoma.

KWA NINI UDONGO HUCHOKA

Udongo una sehemu mbili. Moja ni mchanga na mfinyanzi, na sehemu hii haiozi. Ya pili ni mboji, yaani mabaki ya majani, mizizi na viumbe vilivyooza. Mboji ni kidogo kuliko mchanga, lakini kazi yake ni kubwa. Huushika unyevu jua linapowaka, huvishika vyakula vya mmea visichukuliwe na mvua, na humlisha mnyoo na vijidudu vinavyoutifua udongo. Katika nchi ya kichanga mboji ikiisha, mvua huosha udongo kama maji yapitayo katika kichujio.

Watu wa uwanda wameyaona hayo. Katika mwaka wa mavuno wa 1973/74 Tanzania ilipata korosho tani 145,000 hivi. Baadaye mavuno yakaanguka, na kufika 1986/87 yalikuwa chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi: watu walihamishwa katika vijiji vikubwa wakawa mbali na mikorosho yao, bei ilikuwa hafifu, na ugonjwa wa ubwiriunga ulishambulia maua. Unga wa salfa ulipoanza kutumika sana ukasaidia mno kurudisha mavuno. Lakini salfa inayoanguka chini huzidisha uchachu wa udongo, na wataalamu waliopima udongo wa kusini katika miaka ya 1990 waliliona jambo hilo. Mchanga usio na mboji hauna nguvu ya kuuzuia uchachu. Udongo wenye mboji huuzuia kwa kiasi. Hii haina maana kwamba salfa ni mbaya. Maana yake ni kwamba dawa ya mti si chakula cha udongo, na kila kimoja kina wakati wake.

Na sisi je? Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha mikarafuu mingi sana ya Unguja, nacho kikaiacha Pemba karibu salama. Yako mashamba ambayo tangu siku zile, na mengine kabla yake, yamechumwa karafuu kizazi baada ya kizazi. Nani atastaajabu mche mpya ukikataa kukua palipokufa mti uliokula udongo ule ule zaidi ya miaka 100?

KUOZA NI KAZI

Wengi wetu twadhani kuoza ni uharibifu. Sivyo. Kuoza ni kazi inayofanywa na viumbe vidogo mno visivyoonekana kwa macho, nao kama wafanyakazi wengine wanahitaji chakula, maji na hewa.

Chakula chao ni cha namna mbili. Vitu vikavu, kama majani makavu, mabua na makapi, huwapa nguvu. Vitu vibichi na samadi huwajenga mwili, kwa kuwa vina naitrojeni. Wataalamu husema kipimo chema ni sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu 1 ya naitrojeni. Lakini mkulima hana haja ya kupima hivyo. Akitia matenga 2 ya vitu vikavu kwa tenga 1 la vitu vibichi, atakuwa karibu na kipimo hicho.

Viumbe hao wakila vizuri, lundo hupata moto. Siku chache baada ya kulipanga, joto la katikati laweza kufika digrii 55 hadi 65 za Selsiasi. Moto huo huua mbegu nyingi za magugu na vijidudu vingi vya maradhi. Moto huo huo ndio ulioiunguza miche yetu, maana samadi mbichi tuliyoitia shimoni ilianza kazi yake chini ya mizizi badala ya kuifanya mahali pake. Tena samadi mbichi ina chumvi na hewa kali zinazodhuru mizizi michanga. Mbolea ni lazima imalize hasira zake nje ndipo iingie shamba.

Mwingereza Albert Howard ndiye aliyeipanga kazi hii kwa utaratibu alipokuwa Indore, India, kati ya 1924 na 1931, nayo ikaenea hata katika mashamba ya kahawa ya Kenya. Howard hakujidai kuwa amevumbua peke yake. Alisema wazi kwamba wakulima wa India walikuwa walimu wake. Nasi twamshukuru mwalimu wetu wa Mkunya.

VITU VYA KUTUMIA

Vikavu: majani makavu ya miembe, migomba na miti mingine, nyasi kavu, mabua ya mahindi, pumba, na maganda ya njugu. Kadiri vinavyokatwa vidogo ndivyo vinavyooza upesi. Vipande vya urefu wa kiganja vyatosha.

Vibichi: magugu yaliyong'olewa kabla ya kutoa mbegu, majani ya kunde, mbaazi na choroko, maganda ya mihogo, ndizi na matunda, na vigogo vya migomba vilivyokatwakatwa. Vigogo hivi vina maji mengi, basi ni vyema sana wakati wa kiangazi. Watu wa Mkunya hutumia majani ya mbaazi na kunde badala ya samadi, maana mimea ya jamii hiyo ina naitrojeni nyingi. Wakati wa mavuno ya korosho hutia na mabibo, lakini kidogo kidogo, kwa kuwa yana maji mengi na uchachu.

Samadi: ya ng'ombe, mbuzi au kuku. Ya kuku ni kali kuliko zote, hivyo itiwe kidogo.

Udongo wa juu: makonzi machache kila tabaka. Huu ndio unaoleta wafanyakazi wetu, kama hamira katika unga.

Jivu la kuni: linyunyizwe kiasi kidogo tu. Lisichanganywe na samadi mbichi mahali pamoja, kwa sababu huifukuza naitrojeni ikaruka hewani.

Sasa twataja vitu vya kuangaliwa. Majani ya mkarafuu yana mafuta yale yale yanayoipa karafuu ukali wake, nayo huwazuia wale viumbe wadogo. Yasizidi theluthi moja ya vitu vikavu, tena yawe yamekaa, yamekauka na kuvunjwavunjwa. Makonyo msiyatie, hayo ni fedha. Makumbi na makuti huchelewa mno kuoza, basi afadhali yatumike kufunika. Majani ya bahari yaliyotupwa ufukweni yafaa, lakini kwanza yaachwe yanyeshewe ili chumvi itoke. Ndago na ukoka vianikwe juani hata mizizi ife kabisa, la sivyo utakuwa umevipanda kwa mkono wako. Mabaki ya nyama na samaki huita mbwa na panya. Na mti uliokufa kwa maradhi, mizizi yake na matawi yake yasiingie lundoni. Hayo ndiyo yanayostahili moto.

SHIMO AU LUNDO?

Hapa twaomba mwanachama asome kwa makini, kwa sababu mtu aweza kuchukua somo jema akalitumia mahali pasipofaa.

Watu wa Mkunya hutumia shimo, kwa kuwa shimo huhifadhi unyevu katika nchi kavu, na mchanga wao hunywa maji yasituame. Sisi tukichimba shimo kabla ya masika katika udongo mzito wa mabondeni, litajaa maji. Taka zitakosa hewa, na badala ya mboji tutapata tope jeusi linalonuka. Kwa hiyo visiwani wakati wa mvua tupange lundo juu ya ardhi, mahali palipoinuka kidogo. Shimo litumike kwa kazi ya kiangazi tu, na lisizidi kina cha sentimita 60.

Majira yetu ni haya. Lundo la kwanza lipangwe Juni au Julai, baada ya masika, ambapo magugu ni mengi na mabichi; litakuwa tayari Oktoba kwa vuli. Lundo la pili lipangwe Novemba, nalo litaiva Machi wakati wa kuandaa mashimo ya miche ya masika. Hivyo taka za palizi za kabla ya mchumo hazitapata nafasi ya kuchomwa.

KUPANGA LUNDO

1. Chagua mahali penye kivuli, karibu na shamba au jiko, pasipo na maji yatuamayo. Pima mraba wa mita 1 na nusu kila upande. Lundo dogo kuliko mita 1 halipati moto. Lundo kubwa mno halipati hewa.

2. Tifua ardhi kidogo kwa jembe. Tandika vijiti na matawi membamba unene wa kiganja, ili hewa ipite chini.

3. Weka tabaka la vitu vikavu, unene wa sentimita 20. Nyunyiza maji.

4. Juu yake weka vitu vibichi sentimita 10, kisha samadi sentimita 5. Asiye na samadi aongeze majani ya kunde au mbaazi.

5. Nyunyiza udongo wa juu kiasi cha kufunika kwa uchache. Rudia tabaka hizo hata lundo lifike urefu wa mita 1 na robo hivi. Usilikanyage.

6. Choma kijiti kirefu kilichonyoka hata kifike katikati, ukiache humo. Hicho ndicho kipimajoto chako.

7. Funika kwa majani ya mgomba au makuti, jua lisilikaushe wala mvua isilioshe.

Baada ya siku 4 au 5 chomoa kijiti. Kikiwa cha moto mkononi, kazi inakwenda. Kikiwa baridi na kikavu, ongeza maji. Kikiwa baridi, kimelowa na kinanuka, hewa imekosekana. Lundo lahitaji kugeuzwa na kuongezwa vitu vikavu.

Unyevu upimwe kwa mkono. Chukua konzi kutoka ndani, likamue. Yakidondoka matone 1 au 2, unyevu ni sawa. Yakichuruzika, maji yamezidi. Yasipotoka kabisa na konzi likamwagika, ni kavu.

Baada ya wiki 3 ligeuze lundo lote, vya nje viwe ndani na vya ndani viwe nje. Ligeuze tena baada ya wiki 3 nyingine. Tumia uma au jembe, wala usitumbukize mkono, maana nyoka hupenda mahali penye joto. Kazi hii ni nzito, hatukatai. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Wenye minazi waangalie jambo moja zaidi. Chonga, mdudu yule mwenye pembe anayetoboa vilele vya minazi, hutaga mayai katika taka zinazooza. Wakati wa kugeuza mtaona mafunza makubwa meupe yaliyojikunja. Yatoeni yote muwape kuku. Lundo lisilogeuzwa laweza kuwa nyumba ya adui. Lundo linalogeuzwa huwa mtego wake.

KUJUA IMEIVA

Mboji iliyoiva ni nyeusi au hudhurungi, ni baridi, yavunjika mkononi, na harufu yake ni ya ardhi baada ya mvua ya kwanza. Huwezi tena kutambua jani hili lilikuwa la mti gani. Kwa kawaida huchukua miezi 3 hadi 4.

Mwenye shaka ajaribu hivi. Atie mboji katika kopo, apande mbegu za mchicha au maharage. Zikiota vyema na majani yakiwa ya kijani, mboji imeiva. Zikifa au zikigeuka manjano, aiache mwezi mmoja zaidi. Sisi tungalifanya jaribio hili dogo kwa samadi yetu, miche 26 ingalikuwa hai.

KUITUMIA

Kitaluni: changanya makarai 3 ya udongo wa juu, karai 1 la mboji na karai 1 la mchanga. Mbegu ya mkarafuu haihifadhiki. Tunda likishawiva na kuanguka, mbegu yake ipandwe katika siku chache. Kwa hiyo mchanganyiko uwe tayari kabla ya mbegu.

Shimo la kupandia: chimba sentimita 60 kila upande na kina kadhalika. Udongo wa juu uweke upande mmoja, wa chini upande wa pili. Changanya madebe 2 ya mboji na udongo wa juu, rudisha shimoni, kisha acha wiki 2 au 3 udongo utulie ndipo upande. Mche utiliwe kivuli cha makuti.

Mti mkubwa: tandaza mboji kwa duara chini ya ukingo wa kivuli chake, siyo kwenye shina, maana mizizi inayokula iko huko nje, tena iko juu juu. Usichimbe kwa nguvu ukaikata. Funika kwa majani makavu. Fanya hivyo mwanzo wa mvua.

HESABU YAKE

Lundo la mita 1 na nusu kwa 1 na nusu, urefu mita 1.2, ni mita za ujazo 2.7. Likiiva hupungua hata kufika nusu au theluthi, yaani mita za ujazo 0.9 hadi 1.35. Kwa debe la lita 20, hayo ni madebe 45 hadi 67. Ukitia madebe 2 kila shimo, lundo moja latosha miche 22 hadi 33. Eka moja, kwa nafasi ya mita 9 kwa 9, huingia miche kama 50. Basi malundo 2 au 3 hutosha eka nzima ya mikarafuu mipya. Gharama yake ni jasho, panga na jembe.

Hata hivyo tusidanganyane. Mboji si dawa ya ugonjwa wa kufa ghafla, wala haitaufufua mti uliokwisha kukauka. Vyakula vilivyomo ni vichache kwa uzito kuliko vya mbolea ya dukani, nayo hutoa polepole. Faida yake huonekana mwaka wa pili na wa tatu, hasa kiangazi, mche wa jirani unapokunja majani na wako ukisimama.

Jambo la mwisho tulilitafakari njiani tukirudi. Nyumbani kwetu, kama kule Mkunya, anayebeba maji na kufagia uwanja mara nyingi ni mwanamke na watoto. Mwanachama akiamua kuwa na lundo, asiseme tu, "Fanyeni lundo." Achimbe yeye, abebe yeye vigogo vya migomba, ageuze yeye; na faida ya bustani ya mchicha na mibilinganya itakayomea kwa mboji ile iwe ya wote.

Sisi tumekwisha kupanga malundo 2 mahali pale palipokufa miche 26. Kijiti tulikichomoa siku ya tano; kilikuwa cha moto. Mashimo tutayajaza Machi, Mungu akipenda, na miche tutaihesabu mbele yenu.

MAULIZO

Wanachama wanaokutana kusoma pamoja wajibizane maswali haya:

1. Kwa nini samadi mbichi huiua miche, na samadi ile ile ikivunda huilisha?

2. Kwa nini shimo lafaa Mkunya, na lundo lafaa kwetu wakati wa masika?

3. Katika shamba lako, ni vitu gani vikavu na vibichi ulivyovichoma mwaka jana?

4. Kijiti kikitoka baridi, kimelowa na kinanuka, utafanya nini?

5. Una nafasi za mikarafuu mipya 60. Kwa madebe 2 kila shimo, utahitaji madebe mangapi, na malundo mangapi?

6. Ukikuta mafunza makubwa meupe lundoni, ni ya nani, nawe utayafanya nini?